Tezi ya Ndama

Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa sikusema na mdogo wangu, na sababu yenyewe ilikuwa shikamoo. Naliandika hili mapema ili msomaji asidhani kulikuwa na jambo kubwa zaidi nyuma yake. Hapakuwa na jambo. Aliacha kunisalimia, nami nikaacha kumwona, ingawa nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya korongo, na moshi wa jiko lake niliutazama kila siku nikiwa nimekaa kibarazani kwangu Gitting.

Alikuwa kitindamimba wetu. Wazazi wetu walipofariki yeye alikuwa na miaka mitatu na mimi nilikuwa nimeshaanza kazi, kwa hiyo nilimlea. Nilimkogesha, nilimpeleka kliniki, nilimfundisha kusalimia. Alianza na "kamoo", akikimbia uani bila nguo, akimwambia kila mtu, hata mbuzi. Nilicheka, lakini nilimrekebisha. Kwetu mtoto asiyejua kusalimia ni aibu ya aliyemlea, na mimi aibu siipendi. Alipokuwa mtu mzima, akaolewa, akafiwa na mume na kurudi kukaa kwenye kile kijumba cha ng'ambo, bado kila akinikuta alisimama, akaweka chini alichobeba, akasema, "Shikamoo, kaka." Nami nikasema marahaba kama mtu anayepokea haki yake.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa nyama. Kila siku, hata Jumapili, nilitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili nifike machinjio ya mjini kabla kisu hakijaanza. Nilikagua maini, mapafu, bandama, nikachana tezi moja moja kutafuta ugonjwa, kisha nikagonga mhuri. Nilirudi saa nane au saa tisa mchana nikinuka damu na wino. Mke wangu alikuwa ameshafariki. Watoto wako Arusha na Dodoma, wanapiga simu Jumapili wakikumbuka. Nilikuwa napika ugali wa mtu mmoja, nao ni mgumu kupatia, kila siku unabaki. Nikishakula nilikaa kibarazani nikitazama mlima na watu wanaoteremka kwenda bombani kuchota maji.

Sasa kuna kiungo kimoja ambacho lazima nikieleze, maana bila hicho haya mengine hayaeleweki. Ukimpasua ndama, mbele ya moyo na kupanda hadi shingoni utakuta nyama nyeupe yenye mabonge mabonge, laini. Vitabuni inaitwa thaimasi. Wachinjaji wetu waliiita nyama laini tu, na mara nyingi walinichomea kipande kwenye makaa nikala na chumvi. Ukimpasua ng'ombe mzee aliyetembezwa kutoka Balangdalalu, pale pale, hukuti kitu. Unakuta mafuta. Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi wa mifugo waliokuja kujifunza kazi. Nawaambia shikeni hapa, mtaujua umri wa mnyama bila kumwangalia meno. Niliijua ile tezi kwa vidole. Ukiniuliza inafanya kazi gani, ningekujibu inahusika na kinga, halafu ningeendelea na ini.

Siku yenyewe ilikuwa saa kumi alasiri. Nilikuwa na wageni wawili, wazee wa kanisa, tumekaa kibarazani na chai. Mdogo wangu akapita njiani na ndoo yake ya maji. Alisimama kama kawaida, akaweka ndoo chini. Nikasubiri. Wageni nao wakasubiri. Alifungua mdomo na hakutoa neno. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba nusu, kama mtu anayekupima uzito, na mdomo wa juu ulikuwa umenyanyuka meno yakaonekana, vile mtu anavyofanya akisikia harufu mbaya. Alikaa hivyo kitambo akinitazama.

"Umesahau nani alikufundisha kusalimia?" nikamwuliza.

Akajibu kitu. Sauti ilitokea puani, imelegea, maneno yameungana, kama mtoto mtukutu anayemwigiza mwalimu. Mzee mmoja wa kanisa alitazama kikombe chake. Mori ukanipanda. Nilimwambia mbele yao aende zake, na kwamba siku atakapokumbuka adabu yake ndiyo siku nitakayofungua mdomo kusema naye. Akachukua ndoo. Alipofika kwenye mteremko akaipumzisha, akaibeba, akaipumzisha tena. Nikaona ananifanyia maigizo.

Ningeweza kudhani mgonjwa, na mtu mwenye akili angedhani hivyo. Lakini kesho yake nilimwuliza katekista kama ameonana na mdogo wangu, akasema, "Asubuhi hii hii. Kanisalimia vizuri sana, tukaongea habari za mavuno." Mwenye duka akaniambia vivyo hivyo. Kila aliyekutana naye asubuhi alipata salamu kamili na kicheko juu yake. Ni mimi peke yangu niliyenyimwa. Nikatafuta sababu, na mtu akitafuta sababu haikosekani. Nikaipata kwenye ushauri niliompa alipofiwa, asiolewe haraka. Nikasema kumbe alikuwa ameuweka moyoni, anangoja nizeeke ndipo anilipe. Alipita mara nyingine tatu au nne, zote alasiri, zote na uso ule ule. Mara ya mwisho niliinuka nikaingia ndani kabla hajasimama. Baada ya hapo akaanza kupita njia ya juu, ndefu, isiyopita kwangu.

Nikakaa na ununaji wangu. Nitasema ukweli, kulikuwa na siku nilitamani hata agombane nami, mradi aje. Mtu wa umri wangu akishazoea kusalimiwa na sauti fulani, siku ikikosekana unasikia nyumba nzima iko kimya. Redio haikusaidia. Lakini kwenda mwenyewe ng'ambo, mkubwa kumfuata mdogo na kumwuliza kwa nini hunisalimii, hilo hapana. Kwetu halifanyiki, na hata lingefanyika mahali pengine mimi nisingelifanya.

Wakati huo huo nilikuwa napata wema wa ajabu. Nikirudi kutoka kazini nakuta ua umefagiliwa. Mara nyingine kuna mafungu ya mboga yamefunikwa kwa beseni mlangoni. Mara nyingi kuna kidumu kidogo cha njano kimetundikwa kwenye msumari wa nguzo, ndani yake maziwa mgando. Nilikunywa, nikakiosha, nikakirudisha msumarini, na baada ya siku mbili tatu nakuta kimejazwa. Nilijua ni akina mama wa jumuiya wanamhurumia mjane wa kiume. Siku moja jumuiya ilipokutana nikasimama nikawashukuru hadharani. Akina mama wakatazamana. Hakuna aliyesema neno, nami nikadhani ni unyenyekevu. Sasa naelewa kwamba walijua sipendi kusikia jina la mdogo wangu likitajwa.

Kisha kidumu kikakaa kitupu wiki nzima. Siku ya nane jirani yake alinipigia simu nikiwa machinjio. Alisema mdogo wangu amepaliwa na uji, umetokea puani, pumzi ikawa ya shida, wamempandisha basi la Haydom. "Mzee, najua mna lenu," akasema, "lakini nimeona nikuambie."

Nilimwachia mwenzangu mhuri nikaondoka. Nilifika Haydom jioni, saa za kuona wagonjwa zimepita, nikalala kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Asubuhi saa moja nilikuwa mlangoni mwa wodi. Alikuwa ameketi kitandani, amejifunga kanga, amekonda. Akaniona. Macho yote mawili yakafunguka wazi kabisa, akasema kwa sauti safi niliyoijua tangu enzi za "kamoo":

"Shikamoo, kaka."

Ni aibu kuandika kilichonipata. Nilikasirika. Nilisimama pale na begi langu nikiwaza: kumbe unaweza. Kumbe siku zote ulikuwa unaweza. Sikusema marahaba. Nilimwuliza amekula nini, kama ninavyomwuliza mtu nisiyemjua, na nikatoka nje nikasimama kwenye jua, nikifikiria basi la kurudi.

Lililonizuia ni daktari, binti mdogo kuliko watoto wangu. Alinisalimia, akauliza mimi ni nani kwa mgonjwa, akaniomba nirudi saa tisa kwa sababu kuna kitu anataka ndugu wakione. Saa tisa nilirudi. Mdogo wangu alikuwa mwingine. Kope la kushoto limeanguka, la kulia linafuata, kidevu anakishikilia kwa mkono. Daktari akamwambia ahesabu kwa sauti mpaka hamsini. Alianza vizuri. Kufika ishirini sauti ikaingia puani. Kufika thelathini na kitu ilikuwa ile sauti ya mtoto mtukutu, na kabla ya arobaini ikakatika, midomo ikicheza bila kitu. Nikashika chuma cha kitanda.

Daktari akachukua glovu iliyojazwa barafu, akaifunika kwa kitambaa, akaiweka juu ya lile jicho la kushoto. Tukangoja dakika mbili hivi. Alipoitoa, kope lilikuwa limepanda. Jicho likanitazama, kubwa, lenye machozi ya baridi. Halafu taratibu, sote tukiangalia, likaanza kushuka tena.

"Umeona, mzee," daktari akasema. "Asubuhi baada ya kupumzika anakuwa mzima. Kadiri siku inavyokwenda misuli inagoma. Uso, macho, koo, sauti. Amekuwa hivi muda gani?"

Nilikuwa natazama saa ya ukutani, nikijumlisha alasiri zangu.

Alinipeleka chumba cha picha akanionyesha kifua cha mdogo wangu. Akaweka kidole mbele ya moyo. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia, akafurahi. "Basi hii unaijua. Thaimasi."

"Naijua kuliko wewe," nikasema, kwa sababu ndivyo nilivyo. Kisha nikatazama vizuri. "Lakini hiyo ni ya ndama. Huyu ana zaidi ya miaka arobaini. Hapo panatakiwa kuwa na mafuta."

"Ndiyo shida yenyewe," akasema.

Akanieleza kile ambacho miaka yote ya kuichana sikuwahi kukiuliza. Chembe changa za kinga hutoka kwenye uboho wa mifupa, zinaingia kwenye ile tezi kama ndama wanavyoingizwa zizini, na humo zinapimwa. Isiyoweza kutambua chochote inaachwa ife. Inayotaka kuushambulia mwili wenyewe inaondolewa. Zinazoingia ni nyingi mno, zinazotoka ni chache, na katika hizo chache kuna ambazo kazi yao ni kuwatuliza wenzao, wasizidi, wasichachamae bila adui. Ndivyo mwili unavyopata kinga ya kutosha isiyougeukia wenyewe. Mtu akishakua, tezi inapunguza kazi na kusinyaa.

"Mnavuna mifugo," nikamwambia. Ndilo neno letu la kupunguza ng'ombe ili malisho yatoshe.

Akacheka. "Tuseme hivyo. Ila kwa mgonjwa wako uvunaji umeharibika. Waliotakiwa kubaki zizini wametoka, na wamewachochea wengine." Hao wengine, akasema, wanatengeneza silaha zinazokwenda kukaa pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, zinaziba. Ubongo unatuma neno, msuli haulipokei. Ukipumzika linapita kidogo. Ukishatumika, linakwama. Wangempa vidonge vya kumwezesha, apate nguvu, kisha apelekwe hospitali ya rufaa akapasuliwe kifua waitoe ile tezi. Si kwamba angepona kesho yake. Ingechukua miezi, lakini wengi huwa afadhali.

Nilirudi wodini nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Mdogo wangu alikuwa amelala, kidonge cha kwanza kimeshaingia. Alipoamka alikuwa na sauti kidogo, hafifu lakini yake. Neno la kwanza aliloniuliza lilikuwa hili:

"Kidumu changu bado kipo msumarini?"

"Kidumu gani?"

"Cha njano. Jirani asije akakichukua."

Akanieleza polepole, akipumzika katikati. Alijua asubuhi ndiyo wakati wake. Hakujua ni ugonjwa gani, alidhani ni uchovu wa mjane, au mtu kamfanyia kitu, na alikuwa anaogopa kumwambia yeyote. Lakini alijua akifika kwangu mapema atakuwa na mdomo wa kunisalimia, ndipo anieleze. Kwa hiyo alikuja asubuhi. Saa kumi na mbili, saa moja, kila baada ya siku mbili tatu, mwaka mzima, na kila mara alikuta kufuli. Akafagia ua, akaacha maziwa, akarudi kabla jua halijawa kali. Kunisubiri mpaka nirudi hakuweza, maana nikirudi yeye sauti imeshaondoka, na alishaona jinsi ninavyoinuka na kuingia ndani.

"Ungeacha ujumbe kwa mtu," nikasema.

"Ulisema hufungui mdomo mpaka nisalimie, kaka. Shikamoo mtu haitumi, anaipeleka mwenyewe."

Nilimlea mimi. Hilo nalo nilimfundisha mimi.

Kesho yake saa kumi alasiri nilikuwa kwenye kiti kile kile. Dawa ilikuwa imeisha nguvu na ya jioni haijafika. Kope zimeanguka, kidevu mkononi, na nikaona midomo yake inajaribu. Anajaribu kunipa ile salamu, saa ile mbaya, mbele ya wodi nzima, kama malipo. Midomo ikatetemeka, ikaachia. Akajaribu tena. Sikuweza kuvumilia. Niliinuka, mzee mzima mwenye mvi, nikasimama mbele ya kitanda chake nikavua kofia.

"Shikamoo," nikamwambia.

Mama wa kitanda cha pili akaguna. Muuguzi akageuka. Mkubwa haamkii mdogo, hata mgonjwa, hata wa kufa. Mdogo wangu akanitazama kwa lile jicho lililofumba nusu, na mdomo wa juu ukanyanyuka, meno yakaonekana, pua ikajikunja. Ulikuwa uso ule ule, wa siku ya wageni. Mabega yake yakaanza kutikisika na sauti ndogo ikatoka puani, na ndipo nilipoelewa kwamba anacheka. Pembe za mdomo hazikuwa na nguvu ya kupanda, ndiyo maana kicheko chake kilikuwa na sura ile. Siku ile mbele ya wazee wa kanisa, na ndoo yake chini, alikuwa ananichekea.

Akainua kidole kimoja. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake.

Tuliruhusiwa kurudi nyumbani kusubiri siku ya rufaa. Nilimweka kwangu, nikachukua likizo. Tulikuwa na asubuhi kumi na tisa. Niliamka nikachemsha uji mwepesi, tukakaa kibarazani na blanketi miguuni kwa sababu ya baridi ya mlimani, akaongea mpaka nikamkataza ili atunze sauti. Alinisimulia mambo ya mwaka mzima ambayo sikuwa nayo. Alasiri ilikuwa zamu yangu. Nilimwamkia, akainua kidole. Ugali wetu ukaacha kubaki.

Asubuhi ya ishirini misuli ya kupumua iligoma. Homa ndogo ya kifua ilikuwa imemwanza usiku, na kwa ugonjwa ule homa ndogo si ndogo. Tulikuwa barabarani, gari la kuazima, mahindi pande zote mbili, na kichwa chake kiko begani kwangu. Ilikuwa saa mbili asubuhi, saa zake nzuri. Hakufika hospitali. Tulimzika ng'ambo ya korongo, karibu na mumewe.

Mwaka uliofuata nilistaafu. Ile nyama laini sikuila tena, na wachinjaji hawakuniuliza kwa nini. Yangu mwenyewe mle kifuani iliisha zamani, nimebaki mafuta kama ng'ombe yeyote mzee. Asubuhi yote sasa niko nyumbani. Natoka kibarazani kabla ya saa kumi na mbili, kufuli silitumii tena, naacha mlango wazi. Kidumu kipo msumarini. Ng'ambo hakuna moshi. Ua naufagia mwenyewe na siufagii vizuri.

Alasiri watu wanateremka bombani. Wengi wananisalimia, nawaitikia. Anayepita kimya, awe mkubwa, awe mdogo, namwanza mimi, nainuka kabisa na kuvua kofia: shikamoo. Wanacheka. Wanasema mzee wa mhuri ameanza kuchanganyikiwa, na mkwe wangu wa Arusha ameshapigiwa simu kuelezwa. Juzi alipita mama mmoja mgeni, aliyehamia hapa mwezi uliopita, na ndoo mkononi. Hakusema kitu. Nikamwamkia. Hakucheka huyo. Alisimama, akageuka taratibu, akaangalia nyuma yake kuona ninamsalimia nani.